Mary Marck na neno lenye milango miwili

Hadi mwaka 1901, msichana wa Ufini aliyetaka kuingia chuo kikuu hakutoshwa na kufaulu mtihani. Ilimbidi kwanza aandike ombi la kusamehewa jinsia yake. Sisemi kwa mafumbo. Kibali chenyewe kiliitwa hivyo hivyo kwa Kifini: erivapaus sukupuolesta, yaani msamaha wa jinsia, kama vile mtu anavyoomba msamaha wa kodi au wa karo. Maria Tschetschulin alipita kwa mlango huo mwaka 1870, wa kwanza kabisa. Emma Irene Åström akapata shahada mwaka 1882, naye kwa mlango huo huo. Kwa miaka thelathini na moja, kila binti aliyevuka kizingiti cha chuo kile alikuwa na karatasi inayosema kwamba yeye, kwa shughuli hii tu, asihesabiwe kuwa mwanamke.

Mwandishi Kersti Bergroth alikuwa na miaka 15 sharti hilo lilipofutwa. Alizaliwa Viipuri, mji wa bandari wa mashariki, Januari 1886, wakati Ufini bado ni duchi kuu, nchi yenye utawala wake wa ndani lakini chini ya mfalme wa Urusi. Alipofikisha miaka 20, mwaka 1906, wanawake wa nchi yake walipata haki ya kupiga kura na ya kugombea ubunge, na mwaka uliofuata wanawake 19 waliingia katika bunge la watu 200. Kizazi chake kilipita mahali ambapo dada zao wakubwa waligonga kwa miaka. Na mwaka 1917 yeye, kwa jina la bandia la Mary Marck, alitoa kitabu kiitwacho Eevan luokka: hadithi ya wasichana wa shule, nyepesi, ya utani, ya urafiki na ugomvi wa darasani. Vikafuata vingine vya aina hiyo. Wafini wanaposimulia chimbuko la hadithi zao za shule za wasichana, jina la Mary Marck halikosi kutajwa.

Ubishi juu ya vitabu vya namna hii ni wa zamani na haujaisha. Upande mmoja unasema vilimfungua msichana, upande wa pili unasema vilimfundisha kukaa kitako. Mtafiti Myry Voipio, katika tasnifu yake ya mwaka 2015 katika Chuo Kikuu cha Jyväskylä, alikusanya riwaya za wasichana za Ufini kuanzia 1889 hadi 2011 na kichwa alichokichagua kinaiweka picha yote wazi: zimo katika mikondo inayokinzana ya ukombozi na uelekezaji. Nakubaliana naye. Ila mtu akisema "zote mbili kwa pamoja" anaweza kuwa amekwepa swali. Mimi nataka kuuliza kwa kitabu kimoja, na kwa neno moja lililomo katika jina lake.

Kwanza nitangulize historia kidogo, maana Mary Marck hakuanza na ukurasa mtupu. Riwaya ya kwanza ya Ufini kuhesabiwa katika aina hii haikuandikwa hata kwa Kifini. Iliandikwa kwa Kiswidi na Toini Topelius, binti wa Zachris Topelius, yule mzee wa hadithi za watoto aliyejulikana kila nyumba. Ilitoka mwaka 1889. Nje ya nchi Wajerumani walikuwa na hadithi zao za binti mkaidi anayepelekwa shule kunyooshwa, Wamarekani walikuwa na riwaya za Louisa May Alcott, na Waingereza walikuwa wanaanza kutunga bweni lao la kufikirika. Mary Marck alikuja baada ya hao wote, na mwaka mmoja tu baada ya mwandishi mwenzake Anni Swan kutoa riwaya ya Iris rukka. Nitamrudia Swan, kwa sababu ukimsoma mmoja bila mwingine unakosa nusu ya hoja.

Sasa mashtaka. La kwanza ni la kisanaa: vitabu hivi ni vyepesi, vinafanana, mtu hukisoma jioni moja akakisahau kesho yake. Hili silipi muda mwingi. Wepesi ni kosa pale mwandishi alipoahidi uzito. Mtu anayelaumu maandazi kwa kutokuwa biriani anatupotezea wakati.

La pili ni zito zaidi. Linasema hivi: msichana wa hadithi za shule anaruhusiwa utundu, lakini utundu wenye kipimo. Anacheka darasani, anamwigiza mwalimu, anachelewa kengele, anamkasirikia rafiki siku tatu. Kisha anarudi mstarini. Mlango unafunguliwa ili hewa iingie, halafu unafungwa kabla mtu hajatoka. Kwa jicho hilo, furaha ya darasa ni likizo fupi kati ya utoto na jiko. Wanaoshtaki hivi wana haki ya kuuliza: vitabu vilivyotoka miaka kumi na kitu tu baada ya wanawake kuingia bungeni, mbona havina msichana anayetaka ubunge?

Ninaielewa hoja hii, lakini nadhani inakosea mahali pa kutazama. Inatazama mwisho wa kitabu. Msomaji wa miaka 13 hakai mwishoni mwa kitabu. Anakaa katikati, kwenye kurasa ambamo wasichana kumi na watano wako chumba kimoja na hakuna baba wala mchumba wa kuwapima. Wanapimana wenyewe. Ni nani mkweli, nani msaliti, nani anasema jambo la kuchekesha, nani amelia peke yake kwenye veranda. Hukumu zote zinatoka kwa wasichana na zinawaendea wasichana. Katika fasihi ya wakati ule, ambamo binti alikuwa mke wa kesho au dada wa shujaa, chumba cha namna hiyo kilikuwa kitu kigeni. Ni jamhuri ndogo yenye sheria za mzaha, sawa, lakini raia wake wote ni wasichana.

Na kuna jambo la lugha ambalo mshtaki asiyejua Ufini hulipita bila kuliona. Kwa karne nyingi lugha ya shule, ya mahakama na ya sebule za watu wa heshima ilikuwa Kiswidi. Kifini kilikuwa lugha ya shamba, ya mimbari na ya mtumishi wa jikoni. Amri ya mwaka 1863 ndiyo iliyoanza kukipa Kifini nafasi ofisini, na shule ya kwanza ya wasichana ya Kifini mjini Helsinki ilianza mwaka 1869. Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha wasichana waliosoma hisabati na historia kwa Kifini kilikuwa bado hai na chenye nguvu Mary Marck alipoandika. Bergroth mwenyewe alianza kuandika kwa Kiswidi, kisha akahamia Kifini. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana hapa. Lugha haikomai kwa kamusi na hotuba za viongozi peke yake. Inakomaa siku wasichana wanapoanza kusengenyana kwayo kwenye karatasi iliyopigwa chapa, na mzaha ukawaka. Wanaume wa harakati za Kifini walikuwa wameshatoa tenzi na historia. Kilichokuwa kinakosekana ni porojo za msichana aliyeelimika, zinazokwenda mbio kama mazungumzo ya kweli. Hizo Mary Marck alizileta, tena kwa wingi.

Mpaka hapa utaona naegemea upande wa utetezi. Na kweli naegemea. Lakini kuna shtaka la tatu, na hilo sijaona lililojibiwa vizuri.

Liko ndani ya jina la kitabu. Eevan luokka: Kiswahili chake cha haraka ni Darasa la Eeva. Lakini luokka kwa Kifini ni neno lenye milango miwili. Ni darasa, chumba chenye madawati na ubao. Na ni tabaka, kundi la watu kwa mali na nafasi yao katika jamii. Sisi tumeyatenganisha maneno hayo mawili. Mfini hajayatenganisha: anayeingia luokka asubuhi na mkoba, na anayezaliwa katika luokka fulani bila kuulizwa, wanatumia neno lile lile. Siamini kwamba mwandishi aliutaka mchezo huo wa maneno. Alitaka darasa. Ila kitabu kilitoka 1917, na Januari 1918 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, Wekundu wa viwandani na vibarua wa mashamba upande mmoja, Weupe wa wenye ardhi na wasomi upande wa pili. Vita hivyo vina majina mengi kwa Kifini, kutegemea nani anasimulia. Moja la majina hayo ni luokkasota. Vita vya luokka.

Vilikwisha Mei mwaka huo huo, na vikaacha wafu zaidi ya 35,000 katika nchi ya watu milioni tatu hivi, theluthi moja hivi wakiwa wafungwa waliokufa kwa njaa na maradhi kambini, wengi wao baada ya bunduki kunyamaza. Wanawake wapatao 2,000 walibeba silaha upande wa Wekundu. Wengi walikuwa vijana mno, wafanyakazi wa viwanda na wajakazi, wengine hawajamaliza ujana. Umri wa Eeva, au miaka michache juu yake. Na wavulana wa sekondari waliacha madawati wakajiunga na Weupe kwa wingi. Darasa lilienda vitani likiwa upande wa tabaka lake.

Katika Ufini ya 1917 elimu ya lazima kwa wote ilikuwa bado haijatungiwa sheria, ilikuja 1921. Sekondari, ile iitwayo oppikoulu, ilikuwa ya wachache, yenye karo, na mtoto alipaswa kutengwa na wenzake wa shule ya msingi akiwa bado mdogo ili aingie. Kwa hiyo kila msichana aliyeketi katika darasa la Mary Marck alikuwa ameshachujwa. Binti wa fundi viatu alibaki nje, na binti wa kibarua hakufika hata kwenye foleni. Hadithi ya shule haina haja ya kumtaja aliyechujwa, kwa sababu inaanza kengele ikishapigwa na mlango ukishafungwa.

Hapo mtetezi atasema: hivi ndivyo zilivyo hadithi zote za shule, hata za Waingereza. Si kweli kabisa, na tofauti ina maana. Sisi tuliosoma bweni tuliwajua wasichana wa Enid Blyton, mwandishi Mwingereza, tukawasoma kwa tochi chini ya blanketi, huku sisi wenyewe karamu yetu ya usiku wa manane ni mkate mkavu na sukari ya kuramba kiganjani. Shule yao iko juu ya jabali kando ya bahari. Imejitenga na dunia, na kujitenga huko ni sehemu ya raha yake. Hakuna maskini wa kuonekana kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kuonekana. Lakini shule ya Kifini ilikuwa ya kutwa. Msichana alirudi kwao jioni, akapita mtaani na sokoni, akapita langoni mwa kiwanda. Wa vijijini walipangishiwa chumba mjini, wakala meza ya mama mwenye nyumba asiye wa ukoo wao, na ulinganisho wa nyumba kwa nyumba ulikuwa mbele ya macho yao kila siku. Bweni la jabalini lina kisingizio cha kutokuona. Shule ya kutwa haina. Mwandishi wa shule ya kutwa akinyamaza juu ya mtaa, kanyamaza kwa hiari.

Ndiyo maana nataka tumweke Anni Swan kando yake. Swan alikuwa mkubwa kwa miaka kumi na moja, mzaliwa wa Helsinki wa 1875, mwalimu wa shule ya msingi kwa taaluma, mke wa mshairi Otto Manninen. Ndiye aliyewapa watoto wa Kifini hadithi ya Alice ya Lewis Carroll kwa lugha yao, mwaka 1906, na kwa miongo kadhaa alihariri magazeti ya watoto. Iris rukka, yake ya 1916, ina msichana aliyelelewa mashambani anayeletwa Helsinki kwa ndugu wenye uwezo ili asome.

Tazama jina tena. Rukka ni neno dogo ambalo Kifini huliweka nyuma ya jina la mtu anayeonewa huruma kwa mapenzi. Kiswahili tunalo karibu yake: "maskini Iris," lile maskini la mama anapomtazama mtoto aliyeanguka, lisilohusu pesa. Lakini hapa pia neno lina mlango wa pili, maana Iris ni maskini katika nyumba ya matajiri kwa maana zote mbili. Swan aliliona tabaka. Aliliona kwa jicho la mwalimu aliyewafundisha watoto wa mtaani, wenye kikohozi na viatu vya kurithi. Mtoto maskini katika vitabu vyake ana heshima, na tajiri mwenye majivuno hupata aibu yake.

Tatizo ni jinsi anavyolimaliza. Katika Tottisalmen perillinen, ya 1914, mvulana aliyekulia kibandani anagundulika kuwa mrithi wa jumba la kifahari. Damu ndiyo iliyotatua. Umaskini wake ulikuwa makosa ya kiofisi, unaweza kusema, na makaratasi yaliporekebishwa alirudi mahali pake. Wale wengine wa kibandani, ambao damu yao haina jumba popote, wanabaki na mwalimu mwema na baraka. Hii ni hadithi nzuri, nimeifurahia kama ninavyofurahia ngano ya mtoto wa mfalme aliyelelewa na mchungaji. Lakini ukiniuliza kati ya mwandishi aliyelitazama tabaka akalifunika kwa muujiza, na mwandishi ambaye hakulitazama kabisa, ni yupi aliyempotosha msichana zaidi, sina hakika kwamba jibu ni Mary Marck. Asiyesema hajasema uongo. Swan alimfundisha msomaji kulia kwa ajili ya maskini, kisha akampa kitambaa. Marck alimfundisha kucheka na wenzake, akaacha dirisha limefungwa pazia.

Kicheko hicho nakithamini kuliko wahakiki wengi wanavyokithamini. Machozi ya msichana vitabuni yalikuwa yameshazoeleka. Binti mwema alilia, akateseka, akalipwa. Kicheko chake kilikuwa na mashaka: binti anayecheka kwa sauti alikuwa hana adabu, au alikuwa mhusika wa pembeni aliyewekwa apate funzo. Ukimfanya mcheshi awe ndiye kitovu cha hadithi, na mzaha wake usiadhibiwe, umesogeza jambo. Si ubunge. Lakini msichana aliyezoea kuona akili yake ikichekesha chumba kizima ana kitu cha kubeba akitoka.

Sasa mwenye jina. Bergroth aliishi miaka 89 na Mary Marck ilikuwa sehemu moja tu ya maisha hayo. Alikuwa mwandishi wa insha na riwaya za watu wazima. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alikuwa miongoni mwa waliohariri Sininen kirja, jarida la utamaduni lililojaribu kuleta hewa ya Ulaya. Alifuata falsafa ya Rudolf Steiner kwa moyo wote. Na kilichomfanya ajulikane kwa taifa zima hakikuwa riwaya nzito wala darasa la Eeva, bali tamthilia ya kuchekesha, Anu ja Mikko, ya 1932, iliyoandikwa kwa lahaja ya watu wa shingo ya nchi ya Karelia, kule mashariki alikozaliwa. Ilipigwa picha za sinema, na vikundi vya ridhaa viliicheza mwaka hadi mwaka.

Kwa nini ajifiche kwa wasichana na ajitokeze kwa wakulima wa Karelia? Hapa wahakiki hugawanyika. Wapo wanaosoma jina la bandia kama aibu: mwandishi mwenye fikra nzito akitafuta mkate kwa kazi ndogo, asitake zichanganywe. Kuna ushahidi wa kutosha katika dunia ya vitabu kwamba mambo huwa hivyo, hasa kwa wanawake walioishi kwa kalamu. Wapo wanaosema kinyume: jina la pili ni uhuru. Kersti Bergroth alikuwa na cheo cha kulinda, Mary Marck hakuwa na cheo chochote, na asiye na cheo ana ulimi mwepesi. Jina lenyewe halina asili ya mahali, si la Kifini wala la Kiswidi hasa, linasikika kama la mtu aliyeshuka melini. Mimi nasimama na hawa wa pili, kwa sababu moja. Ukizitazama kazi zake zilizopendwa, zote zina jambo moja: watu wengi katika chumba kimoja au kijiji kimoja, wakizungumza kwa lugha ambayo wakubwa waliiona haifai kuandikwa. Darasa la wasichana na lahaja ya Karelia si mbali hivyo. Zote mbili ni sauti za watu waliozoea kuambiwa wanyamaze au wazungumze vizuri. Mwandishi aliyeonea aibu sauti za namna hiyo asingezirudia kwa jina lake halisi jukwaani.

Na historia ilimcheka kwa ukali. Viipuri ilikabidhiwa kwa Umoja wa Kisovieti mwaka 1940, ikakombolewa, ikapotea tena 1944. Watu zaidi ya 400,000 wa Karelia walihamishwa na kugawanywa nchi nzima, na lahaja iliyokuwa ya utani wa jukwaani ikawa ya wakimbizi. Mwaka 1956 akatoa tamthilia nyingine ya lahaja hiyo hiyo, Kuparsaare Antti, kwa watazamaji ambao kijiji chao hakikuwapo tena kwenye ramani ya Ufini. Mtu aliyelaumiwa kwa wepesi alijikuta amehifadhi kitu ambacho wazito hawakukihifadhi. Uzee wake mwingi aliishi Roma. Alifariki mwaka 1975.

Mwaka huo wa kifo chake, shtaka la tatu lilikuwa linajibiwa hatimaye, lakini si na vitabu. Kuanzia 1972 kule Lapland, kaskazini mwa nchi, hadi 1977 Helsinki, Ufini ilibomoa ukuta kati ya shule ya wengi na sekondari ya wachache na kujenga shule moja ya miaka tisa kwa watoto wote. Chujio alilopita Eeva likaondolewa. Hadithi za wasichana nazo zilikuwa zimeshabadilika kabla ya sheria. Anni Polva alikuwa ameanza mwaka 1956 vitabu vyake vya Tiina, ambavyo mpaka 1986 vilifika 29. Tiina ni msichana wa uani mwenye ngumi na mdomo, anayemtetea rafiki yake wa kiume Juha badala ya kungoja kutetewa. Hakukaa darasani tu. Alitoka mtaani, huko huko ambako Mary Marck alikuwa ameweka pazia. Wahakiki walimkunjia uso Polva kama walivyomkunjia Marck, kwa maneno karibu yale yale. Wasomaji wakavichakaza vitabu.

Wachapishaji, kwa upande wao, hawakuwa na mashaka juu ya nani asome nini. Mfululizo mmoja mkubwa wa vitabu vya vijana, ulioanza mwaka 1948, ulipaka migongo ya vitabu rangi: nyekundu kwa wasichana, buluu kwa wavulana. Rafu ya maktaba ikawa na jinsia. Nusu karne nyuma msichana aliomba kusamehewa jinsia yake ili aingie chuo, sasa jinsia ilimngojea kwenye mgongo wa kitabu. Na huku kuna kipande cha ukweli upande wa wanaoshtaki: aina ya fasihi inayotengenezewa kundi moja humpa kundi hilo chumba, kisha hubandika jina mlangoni. Ni vigumu kujua, ukiwa ndani, kama kufuli iko upande wako au upande wa nje.

Nimejaribu kufikiria Eevan luokka ikitafsiriwa Kiswahili. Wasichana wetu wa sekondari za kutwa wangeyaelewa mengi bila maelezo: mwalimu wa zamu, rafiki aliyehamia dawati lingine bila kusema sababu, aibu ya kuulizwa karo mbele ya wenzako. Kazi ingekwama kwenye jalada. Ningeandika Darasa la Eeva kwa sababu ndilo alilokusudia mwandishi, na ndilo msomaji wa miaka 13 angelinunua. Lakini kila nikiliandika, naona nimefunga mlango mmoja ambao kwa Kifini umebaki wazi tangu 1917, na upande wa pili wake wapo wasichana wa umri ule ule, wenye bunduki.